Kura isiyodai tena: Karatu na Ngorongoro tangu 2015

Katika uchaguzi wa 2015 Mkoa wa Arusha ulikuwa na majimbo saba. Sita yalikwenda Chadema: Arusha Mjini, Arumeru Mashariki, Arumeru Magharibi, Longido, Monduli na Karatu. Moja tu lilibaki CCM, nalo ni Ngorongoro. Miaka mitano baadaye yote saba yalikuwa ya CCM.

Anayesoma matokeo hayo kijuujuu atasema wananchi wamebadili msimamo. Makala hii inashikilia jambo jingine. Kilichoporomoka katika kona hii ya nchi ni uwezo wa kura kumfanya mtawala asikilize, na uwezo huo umepotea kwa jirani wawili walioutumia kwa njia zinazopingana kabisa. Karatu ilidai kwa kukataa. Ngorongoro ilidai kwa kuunga mkono. Leo wote wawili wamefika mahali pamoja, na ndiyo maana historia zao zinafaa kusomwa kwa pamoja.

Kwa msafiri, wilaya hizi mbili ni barabara moja. Lami inatoka Makuyuni, inapita Mto wa Mbu, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, inakatiza mji wa Karatu kisha inaishia lango la Loduare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Upande wa Karatu, ambako sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 230,000, wengi ni Wairaqw wanaolima ngano, mahindi, mbaazi na kahawa, na chini huko Mang'ola vitunguu vinavyouzwa hadi nje ya nchi. Upande wa Ngorongoro, watu takriban 174,000 kwa sensa hiyohiyo, wengi ni Wamasai wafugaji, pamoja na Wasonjo wa tarafa ya Sale. Wanauziana ng'ombe na mahindi, wanatibiwa hospitali zilezile, na watalii wanaolala Karatu ndio hao wanaoteremka kreta asubuhi. Kwenye sanduku la kura tu ndiko walikoachana.

Karatu: kudai kwa kukataa

Karatu iliingia upinzani kupitia mlango wa CCM yenyewe. Mwaka 1995 Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aliomba kugombea ubunge kwa tiketi ya chama tawala. Alishinda kura za maoni, lakini jina lake likakatwa kwenye vikao vya juu. Akahamia Chadema, chama kichanga ambacho wabunge wake mwaka ule walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na wapigakura wakamfuata huko. Somo walilolipata wananchi lilikuwa jepesi kueleweka: vikao vya juu vikipuuza chaguo la watu, jimbo linaweza kuondoka.

Watu wengi wamezoea kusema Karatu ilikuwa ya Slaa. Matokeo yanakanusha. Slaa aliongoza jimbo kwa vipindi vitatu, kisha 2010 akaenda kugombea urais, akapata asilimia 27 hivi ya kura dhidi ya Jakaya Kikwete wa CCM. Jimbo halikurudi CCM. Lilimchagua Israel Natse, mchungaji wa Kilutheri, naye ni wa Chadema. Mwaka 2015 Slaa alijiondoa katika siasa za vyama akipinga Chadema kumpokea Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, lakini Karatu ikamchagua Willy Qambalo wa chama kilekile alichokiacha. Chaguzi tano mfululizo, wabunge watatu, kutoka kwa padri wa zamani hadi kwa mchungaji: hayo si mapenzi kwa mtu mmoja wala kwa dhehebu moja.

Wengine husema ni ukabila. Hilo nalo halisimami, kwa sababu jirani wa kusini ni Mbulu, kitovu cha Wairaqw, ambako Karatu ilimegwa miaka ya 1990. Mbulu ilibaki CCM kwa miaka 15 ya kwanza ya Karatu kuwa upinzani, hadi 2010 ilipomwangusha waziri Philip Marmo na kumchagua Mustapha Akunaay wa Chadema. Mwaka 2015 ikarudi CCM. Kabila moja, lugha moja, ukoo mmoja mara nyingi, na bado kura zikatofautiana kwa mahali na kwa mwaka. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia tutakapofika kwenye ushindi wa asilimia 99.

Karatu ilipata nini? Haikupata serikali, wala haikuitarajia. Ilichopata ni baraza la madiwani ambalo kwa miaka mingi halikuwa na sababu ya kumwogopa mkuu wa wilaya. Katika mfumo wetu mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wote wanateuliwa na Rais. Diwani wa chama tawala anayehoji matumizi ya mkurugenzi anajihatarisha ndani ya chama chake. Diwani wa upinzani hana cha kupoteza huko, na anayemjibu ni mpigakura wa kata yake. Mivutano iliyotokana na hali hiyo ilikuwa mingi na mingine ilichelewesha kazi, lakini ilimfundisha mwananchi wa kawaida kwamba fedha za halmashauri zinaweza kuulizwa hadharani. Chama tawala nacho kililazimika kuwania Karatu badala ya kuihesabu kuwa yake.

Ngorongoro: kudai kwa kubaki ndani

Ukimuuliza mtu wa Karatu wa miaka ile kwa nini Wamasai wa Ngorongoro hawakuikimbia CCM, angeweza kujibu kwamba hawajaamka. Jibu hilo ni la dharau, tena si la kweli. Wafugaji wa Ngorongoro walikuwa na hesabu yao, nayo ilitokana na aina ya ardhi wanayoishi.

Hifadhi ya Ngorongoro, yenye kilomita za mraba takriban 8,300, iliundwa 1959, wafugaji walipotakiwa kuondoka Serengeti na kuahidiwa kwamba hapa watabaki na mifugo yao. Tangu hapo maisha yao yamekuwa ya kibali. Kilimo cha bustani kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992 wakati John Malecela akiwa Waziri Mkuu, kikazuiwa tena 2009. Kujenga nyumba ya kudumu ni kibali. Kuteremsha ng'ombe kreta ilikuwa kibali, hadi ikakatazwa. Loliondo, nje ya hifadhi, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu imekuwa na kitalu tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na mvutano wa ardhi haujakoma. Mtu ambaye malisho yake yanategemea sahihi ya ofisa hawezi kuichezea Serikali. Anatafuta mtu wake ndani ya nyumba inayotoa sahihi.

Mkakati huo una historia yenye heshima. Lazaro Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990, alitetea haki za wafugaji akiwa ndani ya chama kimoja, na mwaka 1989 alisimama Geneva mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa kuzungumzia hali yao. Baada ya vyama vingi kurudi, ushindani wa kweli wa Ngorongoro ulibaki kwenye kura za maoni za CCM. Huko ndiko makundi ya Wamasai na Wasonjo yalikopimana nguvu. Siku ya uchaguzi mkuu ilikuwa ya kuthibitisha tu.

Kuwa ndani kulikuwa na silaha yake, nayo ni kutishia kutoka. Mwaka 2010 wanawake wa Loliondo walirudisha kadi za CCM kupinga operesheni ya 2009 iliyochoma maboma. Mwaka 2013 Waziri wa Maliasili, Khamis Kagasheki, alipotangaza kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, madiwani wa CCM walitishia kujiuzulu, ujumbe ukaenda Dodoma, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifika mwenyewe na kutangaza kwamba mpango umeachwa. Kwa mwenye kuipima siasa kwa matokeo, huo ulikuwa ushindi. Kadi ya chama ilikuwa na thamani kwa sababu chama kilijua inaweza kurudishwa, na kwamba ng'ambo tu ya lango la Loduare kulikuwa na jimbo lililokwisha kuondoka.

Hapo ndipo mikakati miwili inapokutana. Uaminifu wa Ngorongoro ulikuwa na nguvu kwa kiasi fulani kwa sababu Karatu ya upinzani ilikuwapo. Njia ya kutoka ilipofungwa Karatu, sauti ya aliyebaki ndani Ngorongoro nayo ikapungua.

Namna mlango wa Karatu ulivyofungwa

Haukufungwa siku moja. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Mbunge aliruhusiwa kuhutubia jimboni kwake tu, na zuio hilo lilidumu hadi Januari 2023. Mwaka huohuo wa 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, na mabaraza ya madiwani kote nchini yakabaki na vyanzo vichache vya kuamulia mambo yao.

Kisha likaja wimbi la wanasiasa wa upinzani kuhama kwa madai ya "kuunga mkono juhudi" za Rais John Magufuli. Monduli, jimbo la jirani, mbunge wa Chadema alihama 2018 na kurudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Longido, ushindi wa Chadema ulitenguliwa mahakamani na jimbo likaenda CCM katika uchaguzi mdogo wa Januari 2018. Arumeru Mashariki, mbunge alivuliwa kiti 2019 kwa kukosa mikutano ya Bunge, na mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Kwa hiyo majimbo matatu kati ya sita ya 2015 yaliondoka kabla uchaguzi mkuu haujafika, na wananchi wengi wa majimbo hayo hawakuwahi kuulizwa kwa namna ambayo ushindani wa kweli unauliza.

Katikati ya hayo kulikuwa na swali la msimamizi. Mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais, ndiye aliyesimamia uchaguzi jimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unapingana na Katiba. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Wiki chache baadaye, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa sababu za fomu, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti.

Watu hutazama ubunge, lakini kwa Karatu pigo kubwa lilikuwa hili la mitaa. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji ndio wanaomjua mkulima kwa jina. Wao ndio wanaogonga muhuri, wanaoitisha mkutano, wanaosikia kwanza mgogoro wa mpaka wa shamba. Upinzani ulioishi miaka 20 bila serikali uliishi kwa kuwa na watu hao. Ulipowakosa, ulibaki na majukwaa yaliyozuiwa. Mwaka 2020 Daniel Awack wa CCM alitangazwa mbunge wa Karatu. Nchi nzima Chadema ilibaki na jimbo moja la kuchaguliwa, Nkasi Kaskazini. Aprili 2025, baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi ikidai marekebisho kwanza, Chadema ilitangazwa kuwa haitashiriki. Oktoba mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu 1995, mpigakura wa Karatu hakukuta mgombea wa Chadema kwenye karatasi.

Uaminifu usiolipwa

Kama hesabu ya Ngorongoro ingekuwa sahihi, hapa ndipo ingelipa. Lilikuwa jimbo pekee la mkoa lililosimama na chama 2015. Mbunge wake, William Olenasha, aliteuliwa naibu waziri. Alipofariki Septemba 2021, jimbo lilimpa ushindi mkubwa mgombea mwingine wa CCM, Emmanuel Shangai, katika uchaguzi mdogo wa Desemba.

Miezi sita baadaye, Juni 2022, Serikali iliweka vigingi kwenye zile kilomita 1,500 za Loliondo ambazo Pinda alikuwa ameziacha. Kulitokea makabiliano, askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa na wengi wakakimbilia Kenya. Viongozi wa eneo hilo, wengi wao madiwani wa CCM pamoja na mwenyekiti wa chama hicho wa wilaya, walishtakiwa kwa mauaji na kukaa rumande hadi kesi ilipofutwa Novemba. Wale waliokuwa wabebaji wa sauti ya ndani ndio waliokamatwa. Mwaka 2013 madiwani wa chama hichohicho walipokelewa Dodoma kwa sababu ileile.

Wakati huohuo wakazi wa hifadhi walianza kuhamishiwa Msomera, Wilaya ya Handeni, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Serikali ilisema uhamaji ni wa hiari. Lakini mwaka huohuo fedha zilizokuwa zimepangiwa shule za Ngorongoro zilielekezwa Handeni, na huduma za afya ndani ya hifadhi zikapunguzwa. Hiari inapimwa kwa uwezo wa mtu kubaki, na mama asiyekuwa tena na zahanati karibu hana uwezo huo kikamilifu.

Kilele kilikuwa Agosti 2024. Tangazo la Serikali la tarehe 2 mwezi huo, lililohusu maeneo ya uchaguzi wa serikali za mitaa, liliacha nje kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro. Wakazi wakalalamika pia kwamba vituo vyao vya Daftari la Kudumu la Wapigakura vimehamishiwa Msomera. Zaidi ya watu 100,000 waliolelewa kisiasa kuamini kwamba kura ya uaminifu ndiyo ulinzi wao walikuta hawana kijiji cha kupigia kura hiyo.

Waliingia barabarani. Kuanzia Agosti 18 maelfu, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walikaa kwenye barabara ya watalii kwa siku tano. Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa tangazo. Waziri William Lukuvi akafika na ujumbe wa Rais kwamba huduma zirudi na watu wapige kura, na Septemba tangazo likafutwa. Desemba Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimasai Arusha, na Februari 2025 zikaundwa tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya uhamaji.

Walichokipata Agosti walikipata kwa miguu yao na kwa mawakili wao. Sanduku la kura, mbunge wao na baraza lao la chama tawala havikuzuia vijiji kufutwa. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa cha Ngorongoro: watu wamejifunza kwamba kukaa barabarani siku tano kuna faida kuliko kupiga kura kwa uaminifu miaka 30. Serikali yoyote inayotaka utulivu ingepaswa kulihofia somo hilo.

Upande wa pili wa shauri

Haki inataka tuseme pia kwamba si kila kura iliyoihama Chadema iliporwa. Chama kilimwita Lowassa fisadi, kikamtaja kwenye orodha iliyosomwa Mwembe Yanga 2007, kisha miaka minane baadaye kikamfanya mgombea urais. Wapo waliovunjika moyo kwa dhati. Magufuli naye alikuwa na wapenzi wengi vijijini, kwa elimu bila ada, umeme na nidhamu ya watumishi. Baraza lenye mivutano kwa miaka mingi linachosha, na mkulima wa Karatu ana haki ya kuamua kwamba anataka maji kuliko malumbano.

Lakini maelezo hayo yanaweza kueleza kushindwa. Hayawezi kueleza asilimia 99. Tumeona kwamba Wairaqw wa Karatu na Wairaqw wa Mbulu, ndugu wa damu, walitofautiana katika chaguzi nne kati ya tano. Tumeona jimbo moja la Kimasai, Ngorongoro, likibaki CCM mwaka uleule Longido na Monduli yalipoondoka. Kura inayotoka moyoni hutofautiana kwa kijiji na kijiji. Inapokuja sawa kutoka Karatu yenye historia ya upinzani na kutoka Ngorongoro iliyotoka kufunga barabara miezi mitatu kabla, kama ilivyokuwa katika serikali za mitaa Novemba 2024 ambako CCM ilitangazwa tena kushinda kwa asilimia 99 nchini, takwimu hiyo haitwambii tena watu wanafikiri nini. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, ambao Tume ya Uchaguzi ilitangaza ushindi wa urais wa zaidi ya asilimia 97 na ushiriki wa asilimia 87, huku damu ikimwagika na intaneti ikizimwa, umelizidisha tatizo. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC, ambao kwa kawaida hupima maneno yao, walisema haukufikia viwango.

Kinachohitajika

Hasara ya hali hii inawaangukia hata walioshinda. Chama kisichoweza kushindwa Karatu hakina namna ya kujua kinachowaudhi watu wa Karatu. Madiwani wa Ngorongoro waliokuwa wakieleza ukweli ndani ya vikao wamejifunza kunyamaza, na kwa hiyo Serikali iliposhangazwa na umati wa Agosti 2024, ilishangazwa na jambo ambalo vikao vyake vyenyewe vilipaswa kuliripoti mapema.

Matengenezo yanayotakiwa yanajulikana, wala si ya kigeni. Hadhi ya kijiji isifutwe wala kusimamishwa mwaka wa uchaguzi, na isifutwe kabisa bila mkutano mkuu wa kijiji husika. Msimamizi wa uchaguzi asiwe mtu ambaye ajira yake iko mikononi mwa mmoja wa wagombea. Kosa dogo la fomu lirekebishwe badala ya kumwengua mgombea wa kitongoji. Halmashauri zirudishiwe mapato ya kutosha ili udiwani uwe na kitu cha kuamua. Na ndani ya CCM, kura za maoni ziheshimiwe, kwa sababu kuzipuuza 1995 ndiko kulikoizaa Karatu ya upinzani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloihakikishia Chadema ushindi. Karatu ikiruhusiwa kuchagua inaweza kuichagua CCM kwa hiari, na Ngorongoro inaweza kuiacha. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Diwani wa Endulen huko Ngorongoro na diwani wa Mang'ola huko Karatu wanatakiwa walale wakijua kwamba mwaka wa uchaguzi wanaweza kupoteza kazi kwa uamuzi wa majirani zao, na kwamba hakuna ofisi itakayowaokoa. Hofu hiyo ndogo ndiyo iliyowafanya wakubwa waje Karatu kuomba na waje Loliondo kujieleza. Bila hiyo, kura itaendelea kupigwa na matokeo yataendelea kutangazwa, lakini mwenye shamba na mwenye ng'ombe hawatakuwa na njia ya amani ya kusema hapana.